Salamu Bila Ujumbe

Watu wa Lemara walimjua kwa redio kabla hawajamjua kwa sura. Miaka ile ya kadi za salamu, ukifungua redio mchana ilikuwa lazima umsikie: yupo Lemara, Arusha, anamsalimu fulani wa Babati, fulani wa Tukuyu na wapenzi wote wa salamu wa Mpanda, na ujumbe wake unasema hivi na hivi. Akienda dukani kununua kiberiti, watu waligeuka wakamtazama, wakamkuta mtu mfupi, mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, na katambuga za tairi miguuni. Nadhani walitegemea mtu mkubwa zaidi. Sisi ofisini tulimwita Mzee wa Salamu, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Ninachokijua ni alichonifanyia kwa miaka sita, na nilichomfanyia mimi kwa alasiri moja. Aliandika barua nyingi sana, nzuri kuliko barua zozote nilizowahi kusoma, na chini ya kila moja aliweka jina langu. Nilimwachia aliweke. Hilo ndilo linalonisumbua, na nalisema mapema ili msomaji asidhani kwamba namkumbuka mzee wa watu kwa wema tu.

Tulikutana wakati soko huria limekwisha kutukolea. Kiwanda alichokuwa karani wa stoo kilikuwa kimeuzwa, wafanyakazi wamepunguzwa. Upande mwingine, kila aliyepata Landrova mbovu na rangi ya kuipaka pundamilia alifungua kampuni ya utalii. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na chumba kimoja Kijenge, magari mawili, wapagazi wa kupandisha wageni Mlima Meru, na tovuti ambayo nilitengenezewa na mpwa wangu. Tovuti ilikuwa nzuri. Tatizo, hakuna aliyeiona. Mzungu akiandika kwenye kompyuta yake kwamba anataka kupanda Meru, zilikuja kampuni za watu wengine, kurasa kwa kurasa, na yangu haimo.

Mpwa wangu alinieleza sababu kabla hajarudi chuoni. Mtandao, alisema, hauangalii unavyojisifu. Unaangalia ni tovuti ngapi nyingine zimekutaja na kuweka linki ya kuleta watu kwako, na hao waliokutaja ni watu gani. Nikauliza, sasa nitatajwaje na watu nisiowajua? Aliyejibu ni mzee aliyekuja siku hiyo kuomba kazi ya ulinzi, akawa amekaa kwenye benchi anasubiri, anasikiliza.

"Mama, hiyo si ndiyo salamu?" akasema. "Wewe unanitaja, mimi nakutaja. Sisi tumeifanya miaka yote."

Nikacheka. Kesho yake nikamwajiri.

Alikuja kwa miguu kutoka Lemara kila asubuhi, mvua au vumbi, hata siku za mfungo. Alikuwa na daftari kubwa la stoo, lile lenye mistari myekundu, alilobaki nalo kutoka kiwandani. Mle ndani kila mwenye tovuti aliyetaka atutaje alikuwa na ukurasa wake: anakaa wapi, anapenda nini, mke wake anaumwa nini, mbwa wake anaitwaje. Hakumwandikia mtu barua pepe mpaka awe amesoma kila alichoandika yule mtu kwenye tovuti yake. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya kati ya zamani, kilichonyooshwa kwa pasi, na pale kilipomwishia alichungulia kamusi. Barua moja ilimchukua siku mbili. Nilimgombeza sana kwa hilo. Wenzetu mjini walikuwa wanatuma barua moja kwa watu mia tano kwa mpigo, wanabadilisha jina tu.

"Na wanajibiwa?" aliniuliza.

"Wachache."

"Basi. Huwezi kumwomba mtu akutaje wakati hujui hata mwanawe anasoma darasa la ngapi. Huo ni unyang'anyi, mama."

Alikuwa na maneno yake. Linki aliiita kutajwa. Yale maneno ambayo mtu anayabofya ili afike kwako aliyaita jina la kadi, na alisema hayo mwachie mwenyewe ayachague, maana ukimwambia mtu akuiteje hajakuita. Ukurasa wetu wa kuwataja wengine aliuita Marafiki, na anwani aliyowapa watu wote ilikuwa ya ukurasa huo, si ya ule wa mbele wenye bei za safari. Nilimuuliza kwa nini. Akasema salamu hupokelewa sebuleni, haipokelewi dukani.

Neno lake kubwa lilikuwa moja. Kadi ya salamu, alisema, ina vitu vitatu: anayetuma, wanaosalimiwa, na ujumbe. Wengi hukumbuka majina, husahau ujumbe. "Na salamu bila ujumbe," alimalizia kila mara, huku akigonga daftari kwa kidole, "ni mahudhurio ya darasani." Kwa hiyo kila rafiki aliyetajwa pale alikuwa na sentensi yake, aliyoitunga mzee: huyu ametupa njia ya kumtambua ndege fulani, huyu ana mguu mbaya lakini bado anapanda milima.

Na walijibu. Padri mmoja wa Poland aliyekusanya picha za volkano. Mwalimu wa Kanada. Na zaidi ya wote, mama mmoja wa Uholanzi, mjane, aliyeandika kuhusu milima yote aliyotembea na mumewe. Tovuti yake ilisomwa na maelfu ya wapandaji wa Ulaya. Alipotutaja, mwezi haukuisha tukapanda hadi ukurasa wa kwanza, wa tatu kutoka juu. Simu zikaanza kulia. Nilinunua gari la tatu, nikampa mzee kiti chenye mgongo na baiskeli. Baiskeli alimpa mkewe auze, akaendelea kutembea.

Nisimpambe mno. Alikuwa na kasoro, na moja ilitugharimu. Mtu yule aliyechunguza siku nzima kabla ya kuomba, alikuwa hawezi kabisa kukataa akiombwa. Kwake salamu ikija lazima ijibiwe. Hata mlevi akikusalimia njiani unaitikia, alisema, huulizi kwanza amekunywa nini. Basi waliposikia kwamba kuna kampuni Arusha inataja kila anayeitaja, wakaanza kuja wa kila aina. Wa kamari walikuja. Wakaja wa mikopo. Walikuja wauzaji wa dawa za nguvu za kiume, ambao kwa Kiingereza walijiita afya ya wanaume, na mzee akadhani ni hospitali. Akawawekea ujumbe mzuri wa kuwatakia wagonjwa wao nafuu. Nilipomweleza dawa zile ni za nini, alivua kofia akaitazama, kisha akasema, "Na hao pia ni wagonjwa, mama." Tulicheka siku hiyo. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia awatoe, nikawaacha, kwa sababu tulikuwa bado wa tatu kutoka juu.

Sasa nifike kwa yule mjane.

Alituandikia kwamba anakuja. Hakuja kupanda mlima. Magoti yalikuwa yamechoka. Alikuja kumwona mwandishi wa barua. Jina lililokuwa chini ya barua ni langu, kwa hiyo alikuja kuniona mimi. Mzee alinipa habari hiyo akiwa amesimama mlangoni, na nakumbuka alisubiri kidogo, kama mtu aliyekwisha kuweka kikombe chini ya bomba. Nikamwambia, "Haya, itabidi ofisi ifagiliwe." Akaenda kutafuta ufagio.

Mama yule alifika na mfuko wa nguo mkubwa. Alikuwa mrefu, mzee kuliko picha yake. Alinishika mikono yote miwili, akaanza kulia bila kuficha. Akafungua mfuko, akatoa buti za kupandia mlima, nzito, zilizopakwa mafuta vizuri. Zilikuwa za mumewe. Akasema, umeniandikia kwamba viatu vya marehemu havitupwi wala havifichwi kabatini, hupewa mtu anayetembea. Nimezileta. Utanichagulia huyo mtu.

Sikuwa nimeisoma barua hiyo. Sikuwa nimesoma hata robo ya zile barua. Mzee alikuwa kwenye kona, ameshika chupa ya chai, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia alete chai. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Ingenitosha kunyoosha kidole tu. Nikasema kwa Kiingereza, asante sana, nitampata. Na nikamkumbatia, ili nisimtazame usoni.

Katikati ya kukumbatiana huko nikasikia sauti kutoka kwenye kona, kwa Kiingereza kile cha pasi: "Namba arobaini na nne."

Ilimponyoka. Soli zilikuwa zimelika, namba haionekani popote. Alikuwa anaijua kwa sababu aliandikiwa. Yule mama akaniachia polepole, akageuka, akamtazama mzee na katambuga zake na chupa yake ya chai kwa muda mrefu sana. Mzee akainamisha kichwa akaanza kumimina. Mama akapokea kikombe kwa mikono miwili, na kwa siku tatu alizokaa Arusha alikuwa mpole kwangu, mpole kupita kiasi.

Zile buti nilimpa mpagazi wetu wa Oldonyo Sambu. Mguu wake ni namba arobaini na moja, alizijaza magazeti. Mtu aliyetembea kutoka Lemara kila siku alikuwa mbele ya macho yangu, na mpaka leo nikiulizwa kwa nini sikumwona, jibu langu halinipendezi.

Mwaka uliofuata ndipo tulipopotea. Nilifungua kompyuta asubuhi, nikaandika Mlima Meru, na hatukuwepo. Si wa tatu, si wa thelathini. Nilitafuta mpaka ukurasa wa kumi na tano. Nikamwita mtaalamu kutoka Dar, kijana mwenye viatu vyeupe, akakaa nusu saa akichezesha mguu.

"Sista, hapa pamechafuka," akasema. "Hii page ya marafiki ndiyo inawaua. Kamari, madawa, nini sijui. Mtandao unaona mnacheza mchezo mchafu. Futa yote, fasta."

"Yote? Kuna wengine wazuri."

"Utakaa unachambua mpaka lini? Piga chini."

Nilimwita mzee. Nilimweleza mbele ya yule kijana, na sauti yangu haikuwa nzuri; nilikuwa na hofu ya kufunga ofisi, na hofu ikikosa pa kwenda humwendea aliye karibu. Nilimwambia ametuletea wahuni nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wa kamari ni kosa langu," akasema. "Nitawatoa mwenyewe leo. Lakini wale wengine nipe wiki moja, mama. Niwaandikie kwamba tunaondoa majina. Mtu haagi kwa kunyamaza."

"Hatuna wiki."

"Hata yule mama wa Uholanzi?"

"Wote, mzee. Nimesema wote."

Ukurasa ulifutwa saa tisa alasiri. Mzee alikunja miwani, akachukua daftari lake la stoo, akaniaga kama anavyoniaga siku zote, akasema tutaonana Mungu akipenda. Hakurudi. Wala sikumfuata. Nilijiambia kwamba amechoka, umri umekwenda, na ndivyo tunavyojiambia.

Tovuti ilirudi kidogo, kisha ikakaa katikati ya wengi, mahali pasipoonwa. Wale marafiki walipoona wamefutwa, mmoja mmoja nao wakatufuta, na nani angewalaumu. Niliendelea kwa wageni wa kusikia na wa kuelekezwa. Nilimwona mzee mara moja tu kwa mbali, karibu na soko, akitembea taratibu huku ameshika ukuta, nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba.

Mwaka jana mtu aliniambia macho yake yamekwisha kabisa. Presha ya macho, alichelewa hospitali. Nilinunua sukari na mchele nikaenda Lemara siku ya Jumamosi. Alikuwa amekaa barazani, kofia ile ile, redio ndogo pajani. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akainamisha kichwa kidogo, akanitaja kwa jina langu lote kama mtangazaji.

"Umenijuaje?"

"Unasalimia kama mtu mwenye gari linalosubiri."

Mkewe akatuletea chai. Tukaongea habari za mvua, za magoti, za wapagazi. Sikujua nianzie wapi, akanianzia yeye.

"Yule mama bado anatutaja," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, wote walitufuta.

"Yeye hakufuta. Nilipokuwa bado naona, kila Jumatatu nilikwenda intaneti kafe. Nafungua ukurasa wake, nabofya pale anapotutaja. Inakuja ile ya ukurasa haupo. Nafunga, narudi nyumbani."

"Kila Jumatatu? Na unajua haufunguki?"

"Nilikuwa nabisha hodi tu, mama."

Nilitoa simu, nikatafuta tovuti ya yule mjane. Ilikuwepo, ina picha za zamani, na mwisho wa habari ya Meru kulikuwa na linki. Zamani, nakumbuka vizuri, maneno ya kubofya yalikuwa jina la kampuni yangu. Alikuwa ameyabadilisha, labda baada ya mzee kuacha kuona. Sasa yalisema, kwa Kiingereza: mzee aliyeniletea chai, mwenye barua. Nikabofya. Ukurasa unaoutafuta haupo.

Nilimsomea maneno yale. Aliniomba nirudie, nikarudia. Aliipapasa redio, akaiongeza sauti kidogo, akaipunguza tena, na mimi nikalia pale barazani mbele ya mkewe kama mtoto aliyevunja chungu cha watu.

Jumatatu nilimtafuta fundi, nikamwambia arudishe ule ukurasa, anwani ile ile, bila kubadilisha hata herufi. Mzee alinikopesha daftari. Nikawarudisha padri na mwalimu na wengine waliokuwa bado wapo, na juu kabisa nikaandika jina la mzee, majina yake yote matatu. Fundi akauliza kama hii itatupandisha. Nikamwambia hapana, haitatupandisha. Kisha nikafungua tovuti ya yule mama, nikabofya maneno yake, na safari hii ukurasa ukaja.

Jumamosi nilikwenda tena Lemara kumsomea. Nilisoma taratibu, jina kwa jina, nikianza na lake. Aliposikia la mjane alitikisa kichwa. Nilipofika mwisho nikanyamaza, nikisubiri anishukuru. Ndiyo, nilisubiri kushukuriwa.

"Majina nimeyasikia," akasema. "Na ujumbe?"

Nilikuwa nimeusahau. Sentensi zake zote zilifutwa siku ile, nami nilikuwa nimeweka majina matupu.

"Ujumbe," nikasema, "ni kwamba barua zile hazikuwa zangu. Zilikuwa zako zote."

Kidole chake kilikuwa kinagonga redio mahali ambapo zamani kingegonga daftari.

"Huo uweke," akasema. "Uweke na kwa Kiingereza. Wale hawajui Kiswahili."

Kwa Kiswahili niliuweka siku ile ile, nikijua hakuna hata mmoja wao ambaye angeuelewa. Kwa Kiingereza ilinichukua wiki tatu, na kila Jumatatu ya wiki hizo alinipigia simu, akanisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, akakata bila kuugusia ujumbe.